Upande wa Kushoto wa Geji

Watu wengi wenye magari ya tabo hufunga geji ya busti kwa ajili ya upande wake wa kulia. Huko ndiko mshale unakokimbilia dereva anapokanyaga mafuta, huko ndiko kwenye namba za kujivunia, na huko ndiko anakokodolea macho rafiki aliyekaa kiti cha pembeni huku akiomba gari likanyagwe tena. Mafundi ninaowaheshimu, wale waliozoea Subaru za tabo zinazoshushwa kutoka Japani katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa, hutazama kushoto kwanza. Na kabla ya kutazama popote, hutumia muda mrefu kwenye jambo ambalo mwenye gari hataliona: ni wapi kwenye injini ichukuliwe hewa ya kupima.

Kazi hiyo haina sifa mtaani. Haileti mlio mpya wala haiongezi mbio. Lakini ni katika kazi chache za gereji ambazo ukikaa kuitazama kuanzia boneti linapofunguliwa hadi linapofungwa, unaona akili ya fundi ikifanya kazi waziwazi, hatua kwa hatua.

Geji yenyewe ni chombo cha zamani kuliko gari. Nyingi kati ya zile za mpira, zisizotumia sensa, ndani zina mrija bapa wa shaba uliopindwa karibu duara. Mfaransa Eugène Bourdon aliupatia hataza mwaka 1849, enzi za mashine za mvuke. Presha ikiingia, mrija hutaka kujinyoosha, kama ile filimbi ya karatasi ya watoto inayojikunjua ikipulizwa. Hewa ikinyonywa, mrija hujikunja zaidi. Ncha yake huvuta kijiti, kijiti huzungusha meno madogo, na meno huzungusha mshale. Umeme unahitajika kwa taa tu.

Sifuri ya geji hii ni presha ya hewa iliyotuzunguka, ambayo pwani ni kama kPa 101, au psi 14.7 kwa vipimo vya Wamarekani. Kulia kwa sifuri ni hewa iliyoongezwa na tabo. Kushoto ni nguvu ya injini ya kunyonya: pistoni zinashuka zikitaka hewa, throto, mlango wa kuingizia hewa, imefungwa au imefunguka kidogo tu, na kwenye manifoldi hewa inabaki haba. Geji za Kijapani nyingi husoma kwa mamia ya kPa, kwa hiyo 1 juu yake ni kPa 100, ambayo ndiyo bar 1, ambayo ni psi 14.5. Za Kimarekani husoma psi kulia na inchi za zebaki kushoto. Fundi anayehama kutoka moja kwenda nyingine bila kuchanganya hesabu ameshavuka hatua ya kwanza.

Sasa boneti limefunguliwa. Injini ya Subaru ya tabo, ile ya silinda nne zilizolala, ina mipira midogo ya hewa mingi kiasi cha kumchanganya mtu. Kwa macho ya haraka yote ni sawa: myeusi, imepindapinda, inapotelea chini ya intakula, kipoza hewa ya tabo. Fundi mmoja niliyemtazama Gerezani, jijini Dar es Salaam, alianza kwa kufanya kitu ambacho kingemchosha mteja mwenye haraka. Alishika kila mpira kwa vidole viwili na kuufuata kutoka mwanzo hadi mwisho, bila spana, bila wembe, akinong'ona kila unakotoka na kila unakokwenda. Kijana aliyemsaidia alishatoa wembe. "Subiri kwanza," alimwambia. "Ukishakata, umekata."

Mpira wa kwanza kushawishi ni ule wa westigeti, maana uko karibu, mkono huufikia kwa urahisi. Huo huchukua hewa upande wa tabo, kabla ya throto. Geji ikiungwa hapo itaonyesha presha, na mteja atafurahi, lakini mshale hautashuka kushoto hata siku moja, kwa kuwa nguvu ya kunyonya ipo baada ya throto. Nusu ya geji imekufa. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba mpira huohuo ndio unaoiambia westigeti ifunguke na kuupitisha moshi pembeni, ili tabo isizunguke kupita kiasi. Kiungio kikivuja, taarifa inafika pungufu, mlango unachelewa kufunguka, na presha inapanda kupita kiwango alichokipanga mtengenezaji. Chombo kilichofungwa kulinda injini kinaweza kuiua.

Wa pili ni mpira mnene wa breki. Una vali ya njia moja, ili breki zibaki na msaada wake hata injini ikizimika ghafla. Ukiunga upande wa breki wa vali hiyo, utapata kushoto bila kulia. Tena breki haziguswi kwa ajili ya geji. Fundi wa maana hajadili hilo.

Wa tatu unahitaji kichwa kilichotulia. Ni ule mdogo unaokwenda kwenye regyuleta ya presha ya petroli. Unatoka kwenye manifoldi yenyewe, unasoma pande zote mbili kwa ukweli, na magari mengi yamefungwa geji hapo bila tatizo. Lakini fikiria unavuja siku moja gari likiwa limekanyagwa. Regyuleta haitajua kuwa presha ya hewa imepanda, haitapandisha presha ya petroli kulingana nayo, na silinda zitapungukiwa mafuta dakika ileile zinapoyahitaji kuliko wakati wowote. Hivyo ndivyo pistoni zinavyotoboka.

Wa nne hutoka kwenye manifoldi kwenda kwenye vali ya kuachia hewa, ile inayopumua dereva anapoondoa mguu kwenye mafuta ghafla. Nao unasoma kushoto na kulia. Na ukivuja? Vali haitashikiliwa vizuri, hewa kidogo itapotea, gari litalegea. Halitaungua. Fundi yule aliuchagua huo. Geji ingesoma sawasawa kwenye mpira wa tatu na wa nne; alichagua kwa kuuliza ni upi ukiharibika utaleta hasara ndogo. Nimesoma maelekezo mengi ya kufunga geji, na machache sana yanauliza swali hilo. Kwangu mimi hapo ndipo ufundi ulipo, kuliko hata kwenye mikono.

Ingawa mikono nayo ilikuwa ya kutazamwa. Mpira ulikatwa kwa wembe mpya, mara moja, si kwa msumeno wala mkasi, ili mdomo uwe bapa na usiwe na nyuzi. Kiungio cha T kilisukumwa ndani mpaka mpira ukapita pale panapovimba, kisha klipu ikawekwa nyuma ya uvimbe, si juu yake. Mrija mgumu wa plastiki uliokuja ndani ya boksi la geji aliuweka pembeni. Plastiki ile hukakamaa kwa joto na kupasuka, na joto la chini ya boneti la gari la tabo, kwenye foleni ya saa nane mchana, si la mchezo. Badala yake alitumia mpira wa silikoni wenye tundu la milimita 4. Upande wa kulia nyuma, tabo ya Subaru inapokaa, aliuepuka kabisa, akaupitisha mpira kushoto na kuufunga kwenye waya za gari kwa vibanio kila baada ya shubiri moja hivi. Na aliuacha ulegee kidogo. Injini hutikisika kwenye mauntini zake kila inapowashwa na kila gia inapobadilishwa. Mpira uliokazwa kama kamba ya kuanikia utajichomoa wenyewe siku moja.

Njiani kwenda kwa dereva kuna bati linalotenganisha injini na abiria. Wapo wanaotoboa tundu jipya. Yeye alitafuta raba ya zamani ambayo tayari inapitisha waya, akatoboa kitundu pembeni yake kwa spoku ya baiskeli, akapaka maji ya sabuni, na kuuvuta mpira taratibu kwa uzi uliofungwa kwenye spoku. Raba ikaubana mpira pande zote. Hakuna bati la kuukata, hakuna maji ya mvua yatakayoingia miguuni. Ndani, aliupitisha mbali na mti wa usukani na mbali na pedeli. Waya wa taa ya geji uliungwa kwenye waya wa taa ndogo ukiwa na fyuzi yake, na waya wa hasi ukafungwa kwenye skrubu iliyokwanguliwa rangi mpaka chuma kikang'aa.

Geji aliikalisha karibu na nguzo ya kioo cha mbele, baada ya kuuliza kama gari lina mfuko wa hewa ndani ya nguzo hiyo. Halikuwa nao. Kisha akaizungusha kwenye kikalio chake hadi ikakaa upande. Mwenye gari alishangaa. "Mbona namba zimelala, fundi?"

"Nataka presha yako ya kawaida ikifika, mshale usimame wima, bosi. Ukiwa barabarani hutasoma namba. Utaona tu umesimama au haukusimama."

Ni desturi ya magari ya mashindano, na ina akili nyingi. Gari likienda kwa kasi, jicho lina muda wa kuona mwelekeo. Namba ni za kusomwa gari likiwa limetulia.

Injini ikawashwa. Mshale ukashuka kushoto na kutulia. Wengi hapo wangefunga boneti na kudai pesa yao. Yeye aliushika mpira karibu na kiungio cha T, akaukunja na kuubana kwa vidole, akautazama mshale. Ukibaki ulipo, upande wote wa geji umeziba vizuri. Ukianza kurudi polepole kwenye sifuri, kuna mahali hewa inaingia. Ulibaki. Akaubana kwa muda mrefu zaidi ya nilivyotarajia, mpaka nami nikaacha kutazama mshale nikawa natazama vidole vyake vilivyokuwa vimeanza kuwa vyeupe. Ndipo akaachia.

Sasa kusoma. Gari likiwa sailensi, yaani linanguruma bila kukanyagwa, limepata moto, kiyoyozi kimezimwa, hapa pwani injini nzima ya petroli itaonyesha kama kPa 60 hadi 70 chini ya sifuri, yaani inchi 18 hadi 21 za zebaki. Mshale unatakiwa utulie. Ukitulia lakini uko karibu na sifuri kuliko kawaida yake, pengine hewa inaingia baada ya throto kupitia gasketi au mpira uliochoka, au moto wa plagi unachelewa. Ukicheza kwa mapigo yanayojirudia, kama unaguswa kila baada ya muda uleule, pengine kuna silinda moja yenye vali isiyofunga vizuri. Ukipandisha mizunguko hadi 2,500 na kuishikilia, na mshale ukaanza kujivuta polepole kuelekea sifuri, moshi hauna pa kutokea. Mara nyingi ni kauri ya ndani ya ekzosi iliyoyeyuka na kuziba. Ukiondoa mguu ghafla barabarani, mshale hushuka kushoto kuliko wakati wowote, na kushuka huko kwa nguvu ni dalili njema ya ringi za pistoni.

Yote hayo yamesomwa kabla tabo haijafanya lolote. Ndiyo maana nasema upande wa kushoto ndio wenye habari za afya ya injini, na kulia kuna habari za kazi yake. Saab walipotengeneza 900 Turbo waliiwekea geji isiyo na namba, yenye maeneo ya rangi nyeupe, chungwa na nyekundu tu. Inapendeza na inamtosha dereva. Fundi haimtoshi.

Kulia nako si kwa kutazama kilele peke yake. Kwenye Forester au Impreza yenye tabo ndogo ya kiwandani, presha hujaa mapema, karibu na mizunguko 3,000. Mshale upande bila kusita, ufike, ukae. Ukipitiliza kidogo na kurudi, ni kurukia; ukizidi kiwango, kontroli boksi huweza kukata mafuta ghafla ili kuiokoa injini. Ukiendelea kupanda polepole kadiri mizunguko inavyoongezeka, westigeti imezidiwa na moshi, jambo linaloonekana sana kwa waliobadilisha ekzosi ikawa pana bila kugusa kingine. Ukifika kwa kuchelewa na kusikika mluzi, tafuta mpira wa intakula uliopasuka.

Kuna gari moja linalowatisha wengi bure, nalo ni Legacy ya tabo mbili zinazopokezana. Tabo ya kwanza inajaza, halafu karibu na mizunguko 4,000 na kitu mshale unaanguka, gari linalegea, kisha tabo ya pili inashika na mshale unapanda upya. Mtu akiona anguko hilo kwa mara ya kwanza huagiza tabo mpya. Ni tabia ya mtambo wenyewe, tangu kiwandani. Fundi anayelijua hilo amemwokolea mteja pesa nyingi kwa sentensi moja.

Na mwenye Land Cruiser ya dizeli asihangaike akiona mshale wake haushuki kushoto. Dizeli nyingi za namna hiyo hazina throto ya kubana hewa. Mshale huanza sifuri na kwenda kulia, basi.

Jambo ninalolipenda kuliko yote kuhusu chombo hiki hutokea barabarani. Chukua gari lilelile, ondoka Dar, pita Morogoro, panda Kitonga hadi Iringa, endelea hadi Mbeya. Mji huo uko kama mita 1,700 juu ya bahari, na presha ya hewa huko ni karibu kPa 82 tu. Simama, acha gari lingurume sailensi, tazama. Mshale uliokuwa ukisoma 65 chini ya sifuri sasa unasoma kama 46. Nairobi ingekuwa hivyohivyo. Injini haijaumwa. Kilichobadilika ni sifuri yenyewe: hewa ya nje imepungua, na tofauti kati ya nje na ndani imepungua nayo. Mwenye gari asiyelijua hili atafunguliwa gasketi za manifoldi Mbeya kwa ugonjwa usiokuwepo.

Upande wa kulia nao una hesabu yake. Gari lisilo na tabo limeshapoteza karibu moja ya tano ya presha ya hewa kufika huko. Lenye tabo likifikisha kPa 80 kwenye geji, ndani ya manifoldi lina 162 badala ya 181 ya pwani; limepoteza kama moja ya kumi. Kwa sababu hiyohiyo, mwaka 1918 mhandisi Sanford Moss aliipandisha injini ya ndege aina ya Liberty kwenye mlima Pikes Peak huko Colorado, zaidi ya mita 4,000, aijaribu na tabo kwenye hewa nyembamba. Mswisi Alfred Büchi alikuwa ameshalipatia wazo hilo hataza mwaka 1905. Na nyanda zetu za juu zimeshashuhudia: Björn Waldegård alishinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1984 kwa Toyota Celica ya tabo.

Lakini geji isipewe sifa isiyo yake. Inapima presha, haipimi wingi wa hewa. Hewa ya moto iliyobanwa inaweza kusoma namba ileile na hewa iliyopoa, ingawa ina oksijeni pungufu ndani yake. Haijui kama petroli ni mbaya, haijui kama injini inagonga. Anayepandisha presha kwa kuamini mshale peke yake anacheza na mashine asiyoisikia.

Kwa hiyo, wewe uliyefungiwa geji au unayetaka kufungiwa, nakuomba jambo moja. Wiki ya kwanza, gari likiwa zima na limepata moto, andika namba tatu: ya sailensi kiyoyozi kikiwa kimezimwa, ya mwendo wa kawaida kwenye tambarare, na ya kilele ukiwa umekanyaga gia ya tatu mahali salama. Andika pia mji ulipozisomea. Weka karatasi hiyo kwenye droo ya dashibodi. Siku namba ya kwanza ikibadilika ukiwa mji uleule, mpelekee fundi gari pamoja na karatasi, kabla hujamwambia unavyodhani ugonjwa ni nini.